Daftari la Madirisha ya Koni

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano. Patron, mzee Mgiriki aliyekuwa na duka la mapazia hapa Likasi, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, alinipa utepe wa kupimia na daftari, kaye kama alivyoliita.

"Weye, acha sindano kwanza," alisema. "Pima, andika: nyumba, chumba, dirisha. Na jina yako ku paji ya kwanza, kaye isipotee."

Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, kwa majivuno.

Ninyi mafundi wa mashine hamjui taabu ile. Kichwa cha pazia tulikitia kitambaa kigumu ndani, kisha tukabana mikunjo mitatu mitatu kwa mkono. Upindo wa chini ulikuwa na sheria yake: pazia linatundikwa kwanza likiwa refu, siku tatu, kitambaa kivutike kwa uzito wake. Ndipo fundi anarudi, anapiga magoti na kulipinda palepale dirishani. Ukipinda mapema, baada ya mwezi linafagia sakafu.

Katanga ilipojitenga na Kongo, Patron alinituma Koni, kwa mhandisi wa kituo cha umeme. Nilitundika pazia la sebuleni, dirisha linalotazama maji ya bwawa, nikarudi mjini. Siku ya tatu nikapanda lori kwenda kupinda. Kizuizini jandarme, askari wa Katanga, wakanishusha, na sajini wao akafungua daftari langu.

"Koni. Nyumba ya injenia. Dirisha ya ku mayi, mia mbili na makumi ine." Akaniangalia. "Uko unaandikia nani manyumba ya kule kwa kurani?" Alimaanisha kule kwenye umeme.

"Minye niko mushoni, shefu. Ile njo vipimo ya rido ya madirisha."

"Baespion bote banasema vile. Twende tuone. Kama ni bongo, kama unanidanganya, hautafika ata ku Buluo."

Buluo ndiko kwenye gereza. Nilielewa alichosema: jasusi hafungwi, anapigwa risasi njiani. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili.

Mhandisi hakuwepo. Mlango ulifunguliwa na mpishi wake, yuleyule aliyeninywesha chai siku tatu kabla. Sajini akamwuliza kama ananijua. Mpishi aliitazama bunduki.

"Minye simujue uyu muntu."

Leo simlaumu. Siku ile ningemng'oa meno.

Sajini akapima pazia kwa utepe wangu mwenyewe. "Mia mbili na makumi tano na tatu! Kaye inasema makumi ine. Weye uko mubongo."

"Shefu, haiyapindwa bado. Niache nishone, kisha upime tena."

Akavuta kiti. Nilipiga magoti, jandarme mmoja kasimama nyuma yangu, mdomo wa bunduki karibu na sikio. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano mara nne. Upindo mzuri unashika uzi mmoja tu wa kitambaa kila mchomo, usionekane mbele. Nikajichoma kidole. Damu niliificha ndani ya upindo, maana niliogopa hata doa lingenishtaki. Niliogopa zaidi kwamba siku zile tatu hazikutosha, na kitambaa kitazidi kuvutika nikiwa hapohapo.

Nilipokata uzi, sajini akapima. Akapima tena. Mia mbili na arobaini.

"Enda," alisema.

Nilinyoosha mkono kulichukua daftari.

"Kaye inabakia."

Tangu hapo sikuandika tena dirisha la mtu. Kila dirisha nililikatia kamba, nikafunga fundo moja kwa upana na mawili kwa urefu. Mkubwa wa masista alinicheka, meneja wa hoteli alinikaripia, nami nikaendelea na kamba zangu mpaka nikastaafu. Siku ya kuagana, mafundi wenzangu walizitoa kabatini, wakafurahi sana na ushamba wangu.

Nilicheka nao. Lakini mpaka leo mtu akibisha mlango kwa nguvu, nalikumbuka daftari lile. Sijui lilimfikia nani, na jina langu liko ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.