Trei Niliyoigonga Mara Tatu

Mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile mwili unanisisimka. Nilikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Kasulo, nikipamba biskuti za komunyo ya kwanza ya binti mmoja wa parokia yetu: vigauni vyeupe na mishumaa. Kusema jikoni ni kujipa heshima. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza, tanuri la umeme aliloniletea mume wangu mwaka uliotangulia, na godoro lililokunjwa ukutani. Wanangu wawili walilala hapo hapo sakafuni kila usiku.

Anayepamba biskuti anajua: kwanza unachora ukingo kwa sukari nzito iliyopigwa na ute wa yai, halafu unamimina nyepesi ndani yake, nayo inajitandaza yenyewe na kukauka bapa. Yangu ilikataa. Kwa wiki tatu ilikuwa ikikimbilia upande wa ukuta, inavuka ukingo na kudondoka. Nina hasira za karibu, nakiri. Nilianza kwa kumgombeza muuza mayai kwamba ananiuzia maji. Kisha nikaongeza sukari. Kisha nikailaumu meza, nikaweka kipande cha katoni chini ya mguu wake, vikawa viwili, vikawa vinne. Kuangalia sakafu hakukunijia akilini hata kidogo.

Asubuhi hiyo nilipomaliza trei ya kwanza niliinyanyua kidogo nikaigonga mezani mara tatu, kama kawaida, ili mapovu yapande juu yapasuke. Ko, ko, ko.

Chini ya miguu yangu kukajibiwa: ko, ko, ko.

Nikagonga tena, nikidhani ni masikio yangu. Kukajibiwa tena, halafu nikasikia mtu akicheka, chini kabisa. Nilitoka mbio, mikono bado myeupe kwa sukari. Nyuma ya uzio wa jirani, chini ya turubai nililodhani limefunika makaa yake, kulikuwa na shimo. Huku kwetu watu walichimba kobalti hata vyumbani mwao, nilijua. Nilidhani tu ni nyumba za wengine.

Mchimbaji mmoja akapanda kutoka humo, uso umejaa vumbi, akanisalimu kwa adabu zote.

"Ni weye mama wa biskuti? Tunakusikiaka kila siku. Ukigonga plato yako, tunajua saa ya kukula inakaribia."

Nikamuuliza ni nani aliyewaruhusu kupita chini ya nyumba yangu. Akanitazama kama mtu anayedhani anataniwa.

"Bwana yako njo aliitika, mama. Tangu mwaka yenye ilipita."

Niliketi pale pale kwenye udongo. Mwaka uliopita ndipo tanuri lilipokuja. Mume wangu aliniambia limetoka kwenye bonasi ya kazini, na mimi nikaenda kanisani kutoa shukrani mbele ya watu wote.

Aliporudi kula mchana nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimepanga kupiga kelele mtaa mzima usikie. Mwishowe nilimuuliza tu kama anajua watoto wake wanalala wapi. Akaangalia tanuri, hakuniangalia mimi.

"Ulitaka four," akasema, akilionyesha tanuri kwa kidole. "Uliwaza ilitokea wapi?"

Biskuti nilizipeleka, maana mtoto wa komunyo hana kosa. Nikarudi nikalifunga godoro kwenye pikipiki ya taksi, nikawapandisha wanangu kwenye nyingine, tukaenda kwa dada yangu anayeishi Musonoi. Tanuri nililiacha.

Sasa naoka kwa makaa. Upande mmoja huungua kidogo, wateja wananivumilia. Sukari inajitandaza vizuri. Lakini trei siigongi tena. Mapovu nayatoboa kwa kijiti, povu moja moja, na nikimaliza nasikiliza chini.