Isale Lililoliwa na Mbuzi

Mama yangu, Valeria, aliweza kulima, kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha kijiji kizima na kumfukuza mwizi kwa panga. Kitu kimoja kilimshinda: kusema "nimekosa". Nyumbani Kirua Vunjo tulishamzoea hivyo. Lakini safari hii ubishi wake ulikuwa unataka kuniharibia harusi.

Kisa kilikuwa mpaka. Bei ya kahawa ilipoanguka, mama aling'oa mibuni ili apande nyanya, na katika hasira zake akakata kwa panga na kung'oa pia masale, ile miti ya majani marefu iliyotenganisha kihamba chetu, shamba la urithi, na kile cha Thadeus, kaka mkubwa wa marehemu baba. Kwetu isale la mpakani haliguswi. Baba mkubwa hakugombana. Alifunga nyumba, akateremka kwenda kufanya biashara ya samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, akahamia kwenye kisiwa kidogo humo bwawani. Sasa mimi, Pamela, nimeposwa, na pombe ya posa hainywewi kabla yeye hajaonja. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Nitampelekea isale," mama akasema.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hawezi kukukatalia. Mama alilipenda jani kwa sababu halidai maneno mengi.

Tulipanda pikapu ya jirani yetu Wilbert, na mkungu wa ndizi na dumu la mbege, maana mama aliamini gari litatufikisha mlangoni. Nilimwambia ni kisiwa. Akanijibu, "Wewe umesoma, lakini hujui kila kitu." Tulipopita Kahe joto likatukaba. Bwawani Wilbert akazima gari, akatuonyesha maji, na mama akamtazama kana kwamba ndiye aliyeyamwaga.

Mtumbwini tulikaa na mbuzi wa mvuvi, aliyekuwa anapelekwa kuuzwa kisiwani. Mama aliliweka jani mapajani, akaanza kumfundisha mvuvi kupiga makasia. Alipotazama chini, jani hakuna, mbuzi anatafuna. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumtupa yule mbuzi majini, na mama amfuate.

Kisiwani hakuna hata toroli. Mimi na dumu kichwani, mama na mkungu, tukapita juani katikati ya vichanja vya samaki mpaka kwenye kibanda cha matete. Baba mkubwa alikuwa anageuza perege.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, bila kumtazama mama.

Mama akaeleza habari ya mbuzi. Akamlaumu mvuvi, akamlaumu Wilbert, akailaumu bei ya kahawa. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Baba mkubwa akageuza samaki mwingine.

"Kwa hiyo, shemeji, umekuja kunishitakia mbuzi?"

Mama akasonya, akazunguka nyuma ya kibanda. Nikajua harusi ndiyo basi. Nilipomfuata nikamkuta amesimama mbele ya masale yaliyopandwa kwa mstari na kumwagiliwa vizuri, kwenye kisiwa ambako hakuna mtu aliyegombea mpaka. Alinyoosha mkono achume jani, kisha akauacha mkono pale pale. Shina lilikuwa na kovu la panga. Panga lake.

"Uliyatupa barabarani," baba mkubwa akasema nyuma yetu. "Nikayaokota."

Mama yangu akakaa chini, kwenye vumbi na magamba ya samaki.

"Nimekosa, shemeji," akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Nimekosa sana."

Baba mkubwa alichukua jembe, akayachimbua moja moja, akayafunga kwa kamba ya nyavu. "Ukayarudishe kwa mkono wako. Jumamosi nikiyakuta yamesimama, nitaingia."

Kurudi, mtumbwini alikuwamo mbuzi yule yule; hakupata mnunuzi. Mama aliyakumbatia masale kifuani, na udongo wake, akampa mbuzi kisogo. Hakumfundisha mtu kupiga makasia mpaka tukafika.