Mafaili ya Uzi Mwekundu

Nilipoolewa katika nyumba ile, baba mkwe alikuwa bado anashona. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani moja, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kabati lililojaa mafaili hadi mlango haufungiki. Mtaani walimwita Fundi Zamani. Walisema ukienda kwake kupima suruali, atakupima kiuno, atakupima mguu, kisha atakupima na ukoo wako wote. Na ni kweli. Mtu amesimama mikono juu, tepu imemzunguka kifua, huku anaulizwa nyumba yao ilijengwa na nani na kile kisima cha nyuma kilifukiwa kwa nini. Baba alikuwa akisema mtu aliyesimama hivyo hana nafasi ya kutunga uongo.

Jioni aliyaandika yote. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na faili lake.

Macho yalipoanza kumtupa mkono, aliniita nimsomee. Mimi niliishia darasa la saba, na kusoma kwa sauti mbele ya mkwe kulinitia haya. Nikawa nakaa kwenye kigoda, mtoto wangu wa kwanza amelala mapajani, nasoma polepole, naye anasikiliza amefumba macho. Nikikosea neno ananirudisha taratibu, hacheki. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, mchana wa siku zile unanirudia mzima mzima.

Ndipo nilipojua habari ya uzi. Mafaili kama kumi na saba yalifungwa uzi mwekundu, na hayo hakunipa nisome. Ndani mlikuwa na mambo ambayo watu walimweleza kwa siri: mtoto fulani ni wa nani hasa, ghala lilichomwa na nani. Aliwaahidi kwamba hayatasomwa na mtu mwingine wakiwa hai. Msemaji akifariki, baba alikwenda kuzika, akirudi ananawa mikono, anachukua mkasi, anakata uzi.

Alipougua na kuwa mtu wa kitandani, likaja suala la nani ayarithi. Shemeji yangu mkubwa, karani wa ofisi, alitaka yaende maktaba kabla mchwa hawajayamaliza. Bwana wa maktaba alikuja, mpole, akasema wanayapokea yote, na yeyote atakayetaka kuyasoma atasoma. Mume wangu akasema kaka ndiye msomi, aamue yeye. Baba akasema tu kwamba ataangalia.

Shemeji akaliita gari la maktaba hata hivyo. Siku moja kabla halijaja, nilimpeleka mtoto kliniki. Shemeji, kwa mapenzi yake, alinunua majalada mapya, akahamishia karatasi zote humo, akaandika kila nyumba kwa mwandiko wa ofisini. Niliporudi, kapu la taka lilikuwa jekundu.

"Yamependeza sasa, baba," alisema. "Nyuzi zile zilikuwa zinakusanya vumbi tu."

Baba akapapasa faili moja, akapapasa la pili, la tatu. Akaeleza kwa sauti ndogo uzi ule ulikuwa wa nini. Shemeji alikaa kitako sakafuni na suruali yake ya kazini. Kisha akasema basi tuyasome, tutayajua yenye siri.

"Ukiyasoma nitakuwa nimewageuka," baba akamwambia.

Yeye mwenyewe asingeweza kuyachambua. Siku hizo kichwa chake kilikuwa kinachanganya walio hai na waliokufa.

Nilikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Sikuzoea kuingilia mazungumzo yao.

"Baba, mimi nayajua."

Akauliza nimeyajuaje. Nikamwambia nayapangusa kila Jumamosi, na yenye uzi nilikuwa nayapangusa kwa uangalifu zaidi, fundo lisije likalegea. Nikaanza kuyatenga moja moja, bila kuyafungua, nikiyafunika kwa kanga. Kwa kila moja nilimnong'oneza baba jina la nyumba, naye akauliza kama mwenyewe yupo. Huyu yupo, nimemwona kliniki leo na mjukuu wake. Huyu yupo, ila amehamia kwa binti yake. Nilipofika la muuza mkaa, nikasita.

"Huyu tulimzika wakati wa mvua, baba. Ulikuwa umezidiwa, sikukwambia."

 Baba na muuza mkaa walikuwa wamekua pamoja.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Basi la huyo liende maktaba," akasema. "Haya mengine yabaki kwa mama mtoto."

Shemeji akasema, si kwa dharau, kwamba mimi hata sekondari sikufika.

"Sitafuti wa kuyasoma," baba akamjibu. "Natafuta wa kuyaacha yalivyo. Na wa kwenda kuzika."

Shemeji aliyabeba mwenyewe hadi chumbani kwetu, mafaili kumi na sita niliyoyafunga ndani ya kanga, akilalamika kwamba chumba kizima kimejaa nepi. Akapiga magoti, akasogeza beseni la nguo za mtoto, akaanza kuyaingiza chini ya kitanda. Akiwa ameinama hivyo, bila kunitazama, akaniuliza kama la nyumba ya mama yao mdogo limo.

Nikamwambia siwezi kusema.

Alibaki ameinama kidogo. Sijui kama alikuwa ananijaribu au alitaka kweli kujua. Kisha akayasukuma mpaka yakagusa ukuta, akaniomba nimtafutie kitambaa apanguse magoti.