Rangi ya Maganda ya Korosho

Kule Narung'ombe walimwita Mikono, na hakukasirika. Kaimu Yunusi alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, lakini kuanzia ncha za vidole mpaka karibu na viwiko alikuwa mweusi wa kung'aa, weusi usio wa ngozi ya binadamu. Watoto walimshika kidole wakakisugua waone kama kitatoka rangi. Hakikutoka. Watu wazima nao, ambao kwa kucheka hawakuwa na mpinzani, walimshauri aoe mke wa pili wa kumtilia tonge mdomoni.

Weusi huo aliupata Nachingwea. Wazungu wa karanga walipokuja na matrekta yao, alikwenda kuomba kazi pamoja na vijana wenzake, akapewa ya kuosha vyuma vya injini kwa petroli. Karanga zikawashinda Wazungu, wakafunga virago, na waliobaki wakagawana mabaki: huyu bati, yule tairi. Fundi Fidelis, mtu wa Masasi, akafungua gereji yake na kumchukua Kaimu amshughulikie vifuniko vya tapeti, yaani yale mabati marefu yanayofunika valvu juu ya injini. Kwenye magari ya zamani vifuniko hivyo huchakaa vibaya. Joto hubabua rangi, kutu ikaingia, kingo zikapinda, mafuta yakavuja, na mwenye gari akifungua boneti mbele ya watu anaona aibu.

Kaimu alikuwa akikifungua kifuniko, akakiloweka, akakwangua masizi kwa brashi ya waya, akanyoosha kingo, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Mpaka hapo hakukosa kitu. Alichokosa ni rangi. Makopo ya rangi isiyoungua yaliondoka na Wazungu, na rangi ya madirisha aliyoijaribu ilibabuka kabla gari halijafika Ruangwa.

Jibu lilitoka jikoni. Alikuwa akilala gereji, akirudi Narung'ombe kila Ijumaa, na Ijumaa moja alimkuta mkewe Biasha akikaanga korosho juu ya kipande cha bati. Mafuta ya maganda yalikuwa yamedondoka yakakaukia hapo, meusi, magumu. Kaimu akajaribu kuyatoa kwa petroli, akashindwa, akacheka peke yake. Tangu siku hiyo akawa anayapaka kwenye vifuniko kwa tambara, anavibanika juu ya makaa ndani ya nusu pipa, anapaka tena. Vilitoka vyeusi vya kujitazamia uso. Injini ichemke itakavyo, rangi haibanduki. Yakaanza kuletwa magari mpaka ya kutoka Lindi.

Lakini mtu wa kusini gani asiyejua mafuta ya ganda la korosho yanavyochoma? Mwanzo mikono ilivimba malengelenge, ngozi ikatoka, ikaota nyingine, nayo ikatoka. Baadaye ikanyamaza, ikafunikwa na rangi ile ile ya vifuniko. Hapo ndipo alipotakiwa kuacha. Biasha alimwambia, tena si kwa kunong'ona, naye akajifanya hasikii.

Kilichokuja kumtia hofu si maumivu. Kilikuwa baba yake. Mzee Yunusi alikuwa kitandani, kifua kinambana, Biasha anamuuguza, na alikuwa na ombi moja tu duniani. Katika ile vita ya Wajerumani na Waingereza alibebeshwa mizigo pamoja na kaka yake, na kaka huyo alipofia njiani upande wa Mbwemkuru, askari hawakuruhusu msafara usimame. Alifukiwa bila kuoshwa, na matambara yake mwilini. Yunusi hakuwahi kuwasamehe, wala kujisamehe. Kila Kaimu aliporudi nyumbani, mzee alikamata mkono ule mweusi.

"Mimi utaniosha wewe, mwanangu. Simtaki mtu mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Nitakuosha mimi."

Ikawa siku moja msikitini Mwalimu Shehe, aliyefundisha watoto Kurani pale kijijini, akamwangalia Kaimu anavyotawadha, maji yakiteleza juu ya weusi. Akamvuta pembeni.

"Kaimu, hii rangi ni ganda. Maji hayafiki kwenye ngozi. Udhu wako una shaka, mwanangu. Tafuta namna ya kuitoa."

Hakusema zaidi, maana watu walikuwa wanamngoja aswalishe. Kaimu naye hakuuliza. Alirudi nyumbani neno hilo likimla moyo: kama mikono hii haifai kwa sala, itafaaje kumwosha baba? Akamwambia Biasha ataacha kazi, ngozi ijimenye yenyewe.

"Acha leo," Biasha akasema. "Baba hali yake unaiona."

"Namalizia gari moja. Nimeshamwahidi fundi."

Gari moja, kama kawaida ya mambo hayo, halikuwa moja. Fidelis hakuwa mtu mbaya, ila alijua kubembeleza. "Hili tu, ndugu yangu, mwenyewe anasafiri." Kaimu akapaka hili, akapaka na lile, huku akijifariji kwamba mzee anayeweza kumkamata mkono vile bado ana nguvu.

Siku aliyofika Mikidadi, binamu yake, kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, Kaimu alikuwa ndiyo kwanza anatoa kifuniko kwenye makaa. Akakiweka chini.

"Baba?"

"Usiku. Tunazika leo jioni. Wanakungoja wewe, wanasema mwoshaji ni wewe."

Kaimu aliitazama mikono yake, akaitumbukiza kwenye petroli. Akasugua kwa tambara, kisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa mchanga. Weusi haukutikisika, aliutengeneza mwenyewe ili usitoke. Akachukua msasa. Fidelis aliposikia sauti na kutoka nje, alimkuta amechuchumaa, mkono ameubana kwa goti, anaukwangua kwa brashi ya waya, meno ameyauma na machozi yanamtoka.

"Umerukwa na akili? Acha! Kaimu, acha!"

"Nimwoshe baba na uchafu huu? Niachie!"

Akamaliza mkono mmoja, akahamia wa pili. Fidelis na Mikidadi walimshika mabega, lakini walikuwa wamechelewa. Weusi ulikuwa umetoka, na ngozi pamoja nao.

Walimfunga matambara, wakampandisha kwenye lori la Fidelis. Njia nzima hakulalamika. Alikuwa na furaha, Mungu amsamehe, furaha ya mtu aliyewahi.

Nyumbani maji yalikuwa tayari, na mzee amelazwa nyuma ya shuka lililotundikwa uani. Mwalimu Shehe akamfungua matambara. Damu ikamdondokea mwalimu kwenye kanzu.

"Nani amekufanya hivi?"

"Nimelitoa ganda, mwalimu. Ulisema maji hayafiki. Nimelitoa ili nimwoshe baba."

Mwalimu akakaa chini, pale pale mchangani.

"Nilisema udhu, Kaimu. Udhu ni wa sala yako wewe. Maiti, maji yanatakiwa yafike kwenye mwili wake yeye, si kwenye mikono ya anayemwosha. Ungekuja na weusi wako ningekupa kata ya maji ukaanza."

"Basi nipe sasa."

"Damu inachuruzika, mwanangu. Itamdondokea. Tunamtoharisha mzee, hatuwezi kumtia najisi."

Kaimu akaichukua kata mwenyewe. Vidole vikakataa kukunjika, ikaanguka. Mara hii Narung'ombe nzima haikucheka.

Mikidadi akanawa, akaingia nyuma ya shuka. Kaimu akabaki nje, Biasha kamshika kiuno. Akasikia maji ya kwanza yakimwagwa, akamsikia Mwalimu akielekeza: aanze upande wa kulia, kisha amwinue mzee kidogo.

"Taratibu na shingo," Kaimu akaita. "Shingo humuuma."

Maji yakaendelea kumwagwa.