Njia Panda ya Msituni

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi, na katika ndoa yetu yote sikuwahi kuutia machoni msitu huo. Alikuwa akirudi kwetu Wingwi mwisho wa juma, viatu vimeganda matope, nami namuuliza kukoje. "Mna baridi mle," atasema, "hata adhuhuri. Ipo siku n'takuchukua." Siku hiyo haikufika. Akafa, nikakaa eda.

Eda ni ibada, sikatai. Lakini chumba changu kina dirisha moja, na muda wote ule nililitazama zizi la jirani mpaka nikawachukia ng'ombe wake. Nikajiapiza kwamba nikitoka tu, kwanza msituni. Nikapaone alipoumalizia umri wake mtu yule.

Nilipotoka nikapanda gari ya abiria, yale malori yaliyotiwa mabenchi. Ikanishusha njia panda.

"Sie twakomea hapano, Bi mkubwa," utingo akaniambia. "Huko msituni gari hakuna."

Nikamuuliza watu huendaje.

"Watalii wana gari zao. Wengine bodaboda. Au miguu."

Miguu! Goti langu la kushoto hata chooni hunifikisha kwa dua.

Zikapita gari mbili za watalii, vioo vimefungwa. Nikapunga mkono zisimame, nikapunga kama mwehu. Wakanipungia na wao, wakenda zao.

Kisha akaja kijana wa bodaboda, ana adabu zake. "Shikamoo, mama. Panda n'kupeleke, si mbali."

Nikakitazama kile kiti. Mimi, mjane niliyetoka eda juzi, nikae nyuma ya mgongo wa kijana wa watu, baibui linapepea? Na pale pembeni wamekaa wauza ndizi, macho yote kwangu. Huku kwetu habari yako hufika nyumbani kabla yako. Nikamwambia namsubiri mwanangu, anakuja na gari kunichukua. Mwanangu gari ataitoa wapi? Kijana akaondoka.

Nikabaki nimekaa juu ya jiwe. Msitu nilikuwa nauona kabisa, kule mbele barabara inakoishia, na gari ya kurudi haiji mpaka alasiri. Kwenda siwezi, kurudi siwezi. Nilikasirika na barabara, na goti, na wauza ndizi, na marehemu pia, Mungu anisamehe, kwa kunipa ahadi hata baiskeli hana. Nikalia ndani ya mtandio. Kwenye eda yenyewe sikujihisi nimefungwa vile.

Gari ikaja, nikarudi.

Kesho yake jirani, yule mama mwenye ng'ombe, akapiga hodi, kicheko kimemjaa.

"Haya we! Twasikia jana umepanda bodaboda, umepeperuka na kijana hadi msituni!"

Nikafungua mdomo nimkatalie, tena kwa kiapo. Aibu yote nimeikwepa, na bado imenifuata mpaka mlangoni. Lakini kabla sijasema neno akaketi karibu yangu, kicheko kimemwisha. Naye ni mke wa mtu, na huko hajawahi kufika.

"Hebu nambie, dada," akasema polepole. "Mle ndani mkoje?"

Nikamwambia mna baridi, hata adhuhuri.