Kitako Kilicholiwa na Mchwa

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Hayo nilikuwa nikiyasema kila mahali, garejini, harusini, hata msibani, na watu walinyamaza kwa sababu walijua nimeyaona. Niliingia Birmingham na begi moja lenye mkanda uliokatika, shule nikiwa nimeishia darasa la sita katikati, na Kiingereza cha kuombea maji tu. Leo nina duka la matairi Sparkbrook lenye vijana niliowaajiri mwenyewe, na nyumba Sutton Coldfield ambayo uani kwake mbweha wanakuja kuota jua kana kwamba wanalipa kodi. Sikubebwa na mtu. Hilo nalo nilikuwa nikilisema sana.

Lakini kuna harufu moja. Ni ya mbao ngumu ya zamani, iliyokunywa mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, inapokatwa kwa msumeno. Hainuki kama mbao ya seremala. Ina utamu wa karanga zinazotaka kuungua, na nyuma ya huo utamu kuna mafuta, na kuna jasho la shavu la mtu. Niliisikia mara moja nikiwa mtoto, upande wa Urambo. Sikuisikia tena mpaka majuzi, nimesimama ndani ya duka la bunduki hapa mjini, binti yangu kando yangu amenuna.

Nianze na binti, ndugu zangu, tusije tukapoteana njiani.

Neema ana miaka kumi na mitatu na ni mfupi, kama nilivyokuwa mimi. Mdogo wangu Baraka, ambaye kwa hesabu za Wazungu ni binamu tu lakini kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu wa tumbo moja, anaishi Marekani. Kila baridi ikiisha huwachukua watoto wake msituni kuwinda bata mzinga wa porini. Anatutumia video. Watoto wamevaa nguo za rangi ya majani, wamekaa kimya chini ya mti, Baraka anakwaruza kibao fulani kuigiza sauti ya jike, na mara dume linatokeza kichakani limetanua mkia kama bwana harusi. Neema alizitazama mpaka simu ikazima. Akaomba Pasaka aende kwa Anko Baraka naye akawinde.

Nikasema vyema, lakini kwanza ajifunze. Tukamtafutia kibali, nikampeleka nje ya mji kwenye uwanja wa kulenga visahani vya udongo, nikampa bunduki yangu. Ni nzuri, nyepesi, ya tundu dogo, ile wanayoiita namba ishirini, na mbao yake inang'aa kama meza ya waziri. Siku ya kwanza alirudi bega limevilia damu. Siku ya pili alikuwa akifumba macho kabla hajavuta triga. Siku ya tatu hakupiga hata kimoja, na ndani ya gari akaniambia, kwa Kiingereza chake cha huku, nimwambie Anko Baraka kwamba yeye haendi tena. "Mimi sina kipaji, Dadi."

Aliligeukia dirisha mpaka nyumbani. Lile neno liliniuma kuliko bega lake lilivyomuuma yeye.

Na mimi tatizo likinikalia nalitibu kwa kununua kitu kikubwa zaidi. Ndiyo maana Jumamosi ile tulikuwa dukani. Nilichagua bunduki ndefu, namba kumi na mbili, ya tundu kubwa zaidi, imechorwa ndege wa dhahabu ubavuni. Nikachagua na fulana ya kuwindia ambayo ingemtosha shangazi yake. Mnanijua, na wengi wenu ndivyo mlivyo. Sisi mtoto tunamnunulia viatu vya mwakani tunavishindilia gazeti mbele. Bleza ya shule ya Neema nilimnunulia ikamfunika mpaka vidole, na bado anaivaa.

Mwenye duka, mzee Dereki, alivaa aproni ya ngozi na miwani aliyoifunga kwa waya. Hakuniangalia mimi. Alimwita Neema "bab", kama wazee wa Birmingham wanavyomwita kila mtu, akamwambia akunje mkono, akakiweka kitako cha bunduki kwenye kunjo la kiwiko. Kidole cha mtoto kikaishia hewani, mbali na triga.

"Ndefu," akasema.

"Atakua," nikasema.

"Dadi," Neema akasema, "hii siyo bleza."

Mzee alicheka mpaka miwani ikashuka. Kisha akanieleza polepole, kama anayemweleza mtu aliyefiwa. Bunduki ya mtoto imtoshe leo, siyo mwakani. Kitako kiwe kifupi, mwisho wake uwe na mpira laini, uzito mikono iumudu, risasi ziwe zile ndogo. Vizibo vya masikio vibane kweli, na fulana isiwe na nguo ya ziada ya kunasa kitako kikipanda begani. Kitako kirefu kinamfanya mtoto aegemee nyuma, mtutu unapanda juu, na teke linampata panapouma. "Akishaanza kufumba macho," alisema, "umeanza kumpoteza. Mnunulie ndogo, au tukate kitako." Na nyuma ya pazia, kwenye karakana yake, fundi akaanza kukata kitako cha mtu mwingine.

Harufu ikaja. Ikanichukua.

Baba yangu alipofariki, mama alirudi kwao na wadogo zangu, mimi nikapelekwa kwa Baba Mdogo, babake Baraka. Hakuna aliyeninyanyasa pale, Mungu shahidi. Mama Mdogo alinipakulia kama alivyowapakulia wanawe. Lakini mtoto aliyepokelewa hahitaji kunyanyaswa ili ajue kapokelewa. Nilikuwa nachukua kipande kidogo kuliko vyote kabla sijaambiwa, na nikishiba nusu nasema nimeshiba. Nilitamani kitu kimoja tu, niingize chochote kwenye kile chungu kwa mkono wangu mwenyewe.

Na kilichoingia kwenye kile chungu kilitoka kwa bunduki. Baba Mdogo ndiye peke yake kijijini aliyekuwa na bunduki ya marisau yenye kibali, ya mtutu mmoja, wenye maandishi ambayo sikuweza kuyasoma vizuri. Miaka baadaye nilishuka kwenye treni nikakuta neno lile lile limeandikwa juu ya stesheni, Birmingham, na hata hapo sikushangaa. Mvua zikianza, kanga walishuka mashambani kufukua mbegu, na watu walitoka mbali kuja kumwita. Hakuwa akikosa. Walimlipa kwa mtama na kwa asali, na kanga tukala wenyewe.

Watoto wa kiume aliwachukua mmoja mmoja, kwa sharti lake. Alikukunja kiwiko, akaweka kitako, akaangalia kidole. Yohana, mwanawe tuliyelingana umri, alikuwa mrefu kama mkonge, kidole chake kilifika siku nyingi. Mimi kila nikipimwa Baba Mdogo alinipigapiga begani akasema, "Bado kidogo, bwana mkubwa." Yohana akaenda porini, mimi nikabaki jikoni kupuliza moto. Siku moja nilijificha nyuma ya ghala nikalia. Nilidhani hakuna aliyeniona.

Haikupita muda, jioni, nikamkuta Baba Mdogo amekaa uani kwenye kigoda, bunduki tupu imelala mapajani, msumeno mkononi.

"Mchwa," akasema bila kunitazama. "Wameingia mwisho wa kitako. Afadhali nikate sasa kabla hawajafika katikati."

Unga mwekundu ulimwagika kwenye vidole vyake vya miguu, na ile harufu ikajaa uani mpaka kuku wakainua shingo. Kipande kikadondoka, nikakiokota kikiwa bado na joto la msumeno. Akalainisha palipokatwa, kisha akaniita. Nikakunja mkono. Kidole kikafika.

"Haya!" akasema. "Bahati yako. Mchwa wamekupenda."

Alfajiri yake tulikwenda. Alinishonea kipande cha blanketi begani ndani ya shati, akaniziba masikio kwa pamba. Nyasi zilikuwa zimelowa, miguu inawasha, na kanga walikuwa wakipiga kelele zao zile kama wanawake wanaogombana huku wanacheka. Aliweka vidole viwili mgongoni kwangu, basi, hakunishika zaidi. "Usimtazame ndege mzima," alininong'oneza huku akiivuta pamba kidogo. "Itazame shingo. Na msubiri ajitenge na wenzake." Nilimsubiri. Nilivuta. Moshi ulipotulia, kanga mmoja alikuwa chini, na manyoya yake yenye madoa yalikuwa bado yanashuka taratibu kama hayana habari.

Nilimbeba mwenyewe mpaka nyumbani. Usiku Mama Mdogo akapakua, akaweka firigisi kwenye sahani ya mumewe kama ilivyokuwa siku zote. Baba Mdogo akaisukuma kwa kidole mpaka kwangu.

"Aliyepiga ndiye mwenye firigisi."

Nilikula usiku ule bila kutazama sahani ya mtu. Niliomba niongezwe.

Tangu hapo nikawa siambiliki. Na jambo la ajabu likatokea, Baba Mdogo akaanza kukosa. Yeye, aliyekuwa hakosi! Akirudi kutoka shambani pua imevimba, mdomo umepasuka, na majirani hawakumwacha apumzike.

"Mama Baraka, umempiga tena mzee?"

"Siyo mimi, ni kanga," anajibu Mama Mdogo huku anapepeta. "Wamechoka kuliwa, sasa wanarudisha."

Naye alicheka pamoja nao, ameshika pua. Baada ya muda watu waliokuja kuomba msaada hawakumwita yeye tena. Walisema, "Tunamtaka yule mfupi." Firigisi nayo ikawa yangu moja kwa moja.

Sasa mtanielewa niliposema sikubebwa. Kila nilipobanwa maishani nililikumbuka hilo. Bosi wa bohari la matairi aliponiambia mtu asiyesoma hawezi kuwa na duka, nilijisemea moyoni, mimi huyu nilimshinda Baba Mdogo na sauti yangu haijavunjika. Msingi wa kila kitu nilichojenga huku ulikuwa ule.

Pale dukani nikamuuliza mzee Dereki, ili nipate cha kusema tu, "Na mtu mzima akiitumia iliyokatwa kwa ajili ya mtoto?"

Alijipiga puani kwa kidole gumba. "Kila risasi, hapa. Na mdomo. Hailengi vizuri mkononi mwake tena. Kama ni bunduki yake peke yake, labda awe amechanganyikiwa."

Nikatoka nje. Magari yalikuwa yanapita kwenye maji ya mvua, na mimi nilikuwa nakiona kile kipande nilichokiokota. Nilikitoboa kwa msumari wa moto nikakifanya gari, nikakiburuta kwa kamba mpaka kamba ikaoza. Nakijua kila upande kama ninavyoujua mkono wangu. Tundu pekee lililokuwamo nililitoboa mimi.

Nikampigia Baraka, nikamwamsha. "Baraka, ule mchwa wa kwenye bunduki ya Baba..."

"Mchwa gani?"

Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kaka! Mpaka leo? Nyumba nzima tulijua. Hata mimi niliyekuwa nalala mgongoni nilikuja kusimuliwa. Mama alimgombeza sana, amekata kinachotulisha kwa ajili ya mtoto atakayekua kesho kutwa." Akaacha kucheka. "Baba akamwambia, yule mtoto anakula kama mgeni."

Baba Mdogo alikwishatangulia mbele ya haki. Nilimwezekea nyumba kwa bati, nikamnunulia redio, na kila nilipotuma kitu alinishukuru kana kwamba kimemwangukia kutoka mbinguni, kana kwamba hakuwa akinidai chochote. Nami nilizipokea shukrani zake, nikaona ninastahili.

Nilirudi ndani. Nikaitoa bunduki yangu, tuliyokuja nayo, kwenye mfuko wake, ile namba ishirini inayong'aa, nikailaza juu ya kaunta mbele ya mzee. "Kata hii."

"Yako?" Akaishika mbao ile kwa mikono miwili. "Ninazo za watoto, zimetumika, bei poa."

"Najua. Kata."

Neema alinitazama. "Na wewe utatumia nini, Dadi?"

"Hiyo hiyo. Imenizidi urefu. Na halafu ina mchwa."

"Mchwa ni nini?"

"Wadudu wa kwetu," nikamwambia. "Wanapenda watoto."

Wiki iliyofuata tulirudi uwanjani. Mzee alikuwa amempimia fulana ya saizi yake na vizibo vya masikio vinavyobana. Kisahani cha kwanza kilimpita. Cha pili alikitazama mpaka mwisho, macho wazi, kikapasuka angani kama kikombe. Akaruka. Akapiga kingine, na kingine. Zamu yangu ilipofika, kidole gumba kikanigonga puani sawasawa kama nilivyoahidiwa, na kisahani kikaenda zake salama. Ndani ya gari alimpigia Anko Baraka kabla sijafunga mkanda. Anakuja Pasaka, alisema, bata mzinga wajiandae, na zaidi ya hapo amemshinda Dadi, tena kwa mbali!

Baraka akaomba aniongeleshe. "Pua ipo?"

"Ipo," nikasema. "Imevimba."

Mimi bei ya nyumba yangu nitakutajia hata kama hujaniuliza, na ya magari, na ya meno yangu. Kwa hili nilikwenda benki nikatoa fedha nyingi, nikidhani litakuwa ghali. Kukata, kusugua, kupaka mafuta, kufunga mpira laini mwishoni, na kile kipande nikafungiwa kwenye gazeti nikaondoka nacho mfukoni. Vyote hivyo vilinigharimu paundi themanini na tano na peni hamsini.