Tanzia ya Karunamma

Asubuhi ile ya wageni, Karunamma alijipaka alama nyekundu kwenye paji la uso kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Alama ikaenda upogo. Akaifuta, akapaka tena. Binti yake Hemalata alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni, anamtazama.

"Amma, hiyo nini?"

"Kwani unaona nini?"

"Naona bottu. Utaingia kanisani na bottu?"

"Sendi kusali, naenda kupika. Nimekodiwa. Mpishi Mhindu hakatazwi kuwapikia Wakristo. Na wewe leo kule hukanyagi, umenisikia? Kaa ndani uumwe kichwa."

Usimcheke kwanza. Kwetu Mirapalem kila Mkristo wa kitongoji chetu ana majina mawili, moja la makaratasi na moja la maji ya ubatizo. Kwenye makaratasi mama huyu ni Nagaratnam, jina la nyoka na kito, jina safi la Kihindu. Karunamma alipewa mferejini, siku mchungaji alipomzamisha akiwa na mimba ya Hemalata, na mume keshakimbilia mjini kuendesha riksho asirudi tena. Alimlea mtoto kwa kuchuma pilipili za watu. Mchuma pilipili hata akinawa kutwa nzima, usiku akijipangusa jicho atalia. Kanisa lenyewe lilianzia kwake, chini ya banda la nyati wake, wanawake watano na kibatari. Lilipojengwa la matofali, yeye ndiye aliyeyabeba kichwani kutoka tanurini, na tumbo lile lile, mpaka wanaume wakaona aibu wakaja kusaidia.

Sasa Hemalata amefaulu mtihani wa ualimu wa serikali. Nafasi aliyoipata imetengewa sisi ambao babu zetu hawakuruhusiwa kuchota maji kisima kimoja na wenye mashamba. Ni haki yetu, ila ina sharti lake: usiwe umeingia kwa Yesu, wewe wala mzazi wako. Ukibatizwa, serikali inakuhesabu kwamba umeshatoka kwenye unyonge. Mwenye shamba bado anakumiminia maji kwa mbali usije ukamgusia kikombe, lakini serikali inasema wewe umeshatoka. Basi watu wanasali kwa jina moja na kusomesha watoto kwa jina lingine, maisha yanakwenda, na hakuna anayeuliza.

Mpaka mtu akaandika. Karani mmoja wa ofisi ya wilaya alimnong'oneza Hemalata kwamba imekuja barua isiyo na jina, inasema mama yake ni Mkristo wa kuzamishwa, na kwamba atatumwa mtu kuulizauliza. Hatavaa sare. Hatajitambulisha.

Tangu siku hiyo Karunamma hakulala usingizi wa maana. Muuza bangili akipita, anamchungulia kwa ufa wa mlango. Fundi miavuli akikaa kivulini kupumzika, anajiuliza mbona huyu hana haraka. Lakini yote hayo ni ya juujuu. Kilichomla moyo ni kwamba aliyeandika anayajua majina yake yote mawili, na wanaoyajua yote mawili wanakaa naye mkeka mmoja kila Jumapili. Na katika hao alimshuku mmoja zaidi. Polamma, shoga yake wa tangu ujana. Mtoto wa Polamma alifanya mtihani ule ule, akaanguka.

Ndipo wageni nao wakachagua wiki hiyo hiyo. Mzee mmoja mrefu kutoka Kanada, Ndugu Alden, na wenzake, walikuwa wanazunguka vijijini kufundisha wachungaji na kuyatia moyo makanisa madogo. Kutia moyo ni jambo jema, nani anakataa? Lakini wageni wa namna hii wanakuja na gari kubwa, wanakuja na kamera, wanafungiwa kipaza sauti mpaka ng'ambo ya mfereji wanasikia. Kama wewe ni mtu uliyetumwa kuchunguza, siku nzuri kama hiyo utaipata wapi?

Angeweza kukaa nyumbani. Lakini wageni wote hupikiwa na yeye, na alijua akikosekana kuna mjinga mmoja atauliza kwenye kipaza sauti, "Karunamma yuko wapi?" Kwa hiyo akaamua aonekane, ila aonekane ni mtu mwingine. Ndivyo anavyowaza mtu aliyekosa usingizi.

Jiko lilikuwa ubavuni mwa kanisa, chini ya turubai, na ukuta wa upande huo una uwazi mpana badala ya dirisha. Polamma alikuwa ameshafika, anamenya vitunguu. Akamwona shoga yake na alama nyekundu na ua kwenye nywele, akaacha kisu.

"Ehe! Bibi harusi. Na bwana harusi yuko wapi?"

"Funga domo, kata vitunguu."

"Mimi nimekosa nini? Umependeza. Miaka yote hii kumbe tulikuwa tunakaa na mrembo."

"Polamma, leo usiniite jina la kanisani. Niite Nagaratnam. Au usiniite kabisa."

Polamma akarudi kwenye vitunguu vyake bila kuuliza kwa nini. Hilo likamtia Karunamma wasiwasi zaidi. Mtu asiyejua kitu angeuliza.

Wageni wakaja, wakavikwa mashada, wakavishwa shali, watoto wakawashika mikono wakawang'ang'ania. Wanaume wakakaa kulia, wanawake kushoto, na ndala zote zikarundikana mlangoni kama kawaida yetu, utatoka na ya kwako ukibahatika. Karunamma alikuwa anakoroga dengu, lakini macho yalikuwa kwenye ndala. Akaona jozi moja ya viatu vya ngozi imewekwa pembeni, peke yake, imepangwa vizuri, ncha zimeelekea barabarani. Hakuna mtu wa Mirapalem anayevua viatu namna hiyo.

Mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mwisho, karibu na mlango. Shati jeupe la kupigwa pasi, kalamu mfukoni. Watu walipoimba, yeye hakuimba. Alikuwa anaangalia wanaoimba, mdomo mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalipofika kwenye uwazi wa jikoni, akamkuta Karunamma anamtazama. Karunamma akainamia sufuria.

Ndugu Alden alifundisha habari za kuvumilia, sauti ya upole, na mchungaji wetu Devasahayam akimfasiria. Yalikuwa mafundisho mazuri, walisema waliosikia. Karunamma hakusikia hata moja, alikuwa anapanga majibu. Jina? Nagaratnam. Kazi? Vibarua vya pilipili. Hapa umefuata nini? Ujira wa kupika. Akawa ameshayapanga vizuri kabisa, ndipo mgeni akafunga Biblia yake na kusema jambo lingine.

"Mchungaji aliniandikia habari za mama aliyebeba matofali ya nyumba hii kichwani," Ndugu Alden alisema. "Karunamma. Nimewasimulia watu wa kwetu habari zake. Nimetoka mbali, naomba nimwone."

Mchungaji alifasiri mpaka kwenye matofali, akakwama. Macho yake yalikuwa yamefika jikoni na kukutana na ile alama nyekundu. Kanisa zima nalo likageuka kutazama jikoni, maana binadamu hawafundishiki. Kitoto kimoja kikaanza kunyoosha kidole, mama yake akakikunja. Yule wa shati jeupe akanyanyua kichwa.

Karunamma aliona ajira ya mwanawe inapotea mbele ya macho yake, kwa sababu ya sifa. Kwa sababu ya kusifiwa!

"Karunamma amefariki, baba."

Ni Polamma. Alikuwa ameshaingia mlangoni mwa kanisa, mikono bado inanuka vitunguu. "Mwaka huu huu. Homa ilimchukua upesi, hata hospitali hatukuwahi." Na hapo hapo akajitupa chini akalia, kilio cha msiba hasa, cha kujipiga kifua.

Mchungaji Devasahayam hajawahi kusema uongo madhabahuni, hata juu ya idadi ya waumini, na wachungaji wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Akafasiri. Ndugu Alden akavua miwani, akajifuta macho, akaomba watu wote wasimame kwa heshima ya marehemu.

Wakasimama. Wakamwimbia Karunamma wimbo anaoupenda, ule ambao kila Jumapili huanzishwa na yeye mwenyewe, na waliuimba vizuri kuliko siku zote. Mwanzoni waliimba kwa hofu. Baadaye wanawake wakaanza kulia kwelikweli, labda kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na jina la pili na mtoto shuleni. Naye amesimama jikoni na upawa, anasikiliza msiba wake. Alitamani kuwarushia ule upawa. Alitamani pia waendelee, na hilo ndilo lililomuumiza.

Mgeni akasema, "Tuombe." Na mkono wa Karunamma, bila kumwomba ruhusa, ukavuta pindo la sari ukamfunika kichwa, kama unavyofanya siku zote likitajwa neno hilo. Aliposhtuka, pindo lilikuwa limeshafika kwenye paji. Watu wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa mmoja.

Wakati wa chakula mtu yule alikuja mwenyewe na jani lake la mgomba, akakaa karibu na sufuria. Karunamma akampakulia wali na dengu.

"Jina lako, mama?"

"Nagaratnam."

"Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Hemalata."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua hilo kabla. "Na huyu Karunamma alikuwa nani wako?"

"Jirani tu."

"Mtu wa namna gani?"

Hilo hakuwa amelipangia jibu. "Mkaidi," akasema. "Mkaidi sana. Akishikilia jambo, hamumtoi."

"Alikufa lini?"

"Haina muda mrefu."

Mtu yule akala kidogo. "Nimeona ulijifunika kichwa walipoanza kusali."

"Moshi, baba. Najikinga moshi."

"Moshi," akasema, kama anaonja neno. Kisha akaomba achari ya majani machachu ya gongura, akala mpaka jani likabaki tupu, akanawa, akaenda kuvaa viatu vyake.

Jioni wakiosha masufuria, Karunamma hakuweza kuvumilia tena. "Polamma. Ile barua ya wilayani uliandika wewe?"

Polamma aliendelea kusugua. "Mwanangu alifeli kwa sababu ya kriketi, hata yeye anajua. Na kama ningetaka kukumaliza, leo ningekaa kimya tu. Ungejimaliza mwenyewe na hilo ua lako." Akainua sufuria akamwaga maji. "Na shukuru nimekupa homa. Ningeweza kukuua kwa kichaa cha mbwa."

Karunamma akacheka, akamwamini. Alipofika nyumbani akakumbuka yale machozi, mengi mno kwa mtu anayedanganya tu, akaacha kumwamini tena. Kwani kama si yeye ni nani? Aliyeandika yupo. Alisimama mle ndani na wenzake akaimba.

Barua ya ajira ilikuja kabla pilipili za mwisho hazijakauka. Hemalata akapangiwa shule ya mji wa jirani, kila asubuhi anajipaka bottu, anavaa sari ya pasi, anakwenda. Mama yake Jumapili hatoki. Anasali chini ya banda la nyati, peke yake, kwa kunong'ona, na hata nyati anapogeuka ghafla yeye hunyamaza kwanza.

Asubuhi moja mchungaji Devasahayam akaja na simu mkononi, akasimama uani kama mtu aliyekuja kuomba kitu kigumu. Hemalata alikuwa mlangoni anafunga mkoba wake wa shule.

"Dada," mchungaji akasema, "Ndugu Alden ameniandikia. Kanisa lao kule wamekuombea. Yaani wamemwombea marehemu. Sasa wanauliza kama aliacha mtoto. Wanataka kumtaja kwa jina kila Jumapili, wamwandike kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, dunia nzima imwombee."

Karunamma aliacha kufagia. "Huo ukurasa unasomwa na nani?"

"Na yeyote anayetaka."

"Na hapa?"

"Hata hapa."

Akamtazama binti yake, sari ya pasi, alama nyekundu imekaa katikati kabisa ya paji, haijaenda upogo. Hemalata naye anamtazama, anasubiri.

"Mwambie hakuzaa," Karunamma akasema. "Mwambie Karunamma alikufa bila mtoto."

Mchungaji hakuandika kitu. Hemalata aliuweka mkoba chini, akafungua mdomo. "Amma," akaita.

"Nenda kazini," mama akamwambia, akarudi kwenye ufagio. "Utachelewa."